Albamu Nzima, Bila Kuruka Wimbo

Ninaendesha podikasti ya muziki kutoka chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga Magomeni, Dar es Salaam. Kila kipindi ni albamu moja tu. Sialiki wasanii waje kuulizwa nani kagombana na nani, wala sisomi orodha ya nyimbo zinazotamba wiki hii. Naichukua albamu, naisikiliza tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho kwa mpangilio aliouacha mwenyewe, nairudia mpaka inikae mwilini, ndipo nawasha maikrofoni. Watu huniuliza kama kuna mtu anayetulia kusikiliza kitu cha namna hiyo siku hizi, wakati nyimbo nyingi zinaanza na kiitikio ili zisirukwe. Wapo. Wananiandikia, wananitumia ujumbe wa sauti, wananibishia juu ya gitaa fulani au mpiga tumba fulani, na katika ubishi huo nimejifunza mengi kuliko niliyojifunza nikiwa peke yangu na spika zangu.

Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, mji walikotoka ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, waliovuka mpaka na kuunda Simba Wanyika kule Nairobi. Mtoto wa Tanga anaukuta muziki barazani. Lakini kuukuta ni jambo moja, na kuuzungumza mpaka aliye mbali ausikie ni jambo lingine kabisa. Hilo la pili ndilo linalonikesha.

Kilichonilazimisha kulishughulikia ni sheria. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya mtunzi wa Tanzania inalindwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mbaraka Mwinshehe, nguli wa dansi, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Piga hesabu: nyimbo zake zina wenyewe mpaka mwaka 2029. Naiona sheria hiyo kuwa ya haki, hasa nikikumbuka ni wanamuziki wangapi wa dansi waliozeeka bila senti huku nyimbo zao zikipigwa kila harusi. Kwa hiyo siupigi wimbo mzima kipindini. Nikipewa ruhusa naweka kipande kifupi. Nisipopewa, nabaki na mdomo wangu tu. Msikilizaji yuko jikoni au ndani ya daladala, hana wimbo masikioni, na mimi natakiwa nimsikilizishe kwa maneno.

Hapo ndipo sifa za kawaida zinapokosa kazi. Chukua "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa mwaka 1978 na vijana waliojitoa Simba Wanyika. Ukimwambia mtu gitaa lake ni tamu, hujamwambia kitu. Anajua tangu utotoni. Nilipotaka kuufanyia kipindi, niliupeleka Tanga kwa mzee mmoja aliyewahi kupiga besi kwenye bendi za dansi, ambaye sasa anauza vifaa vya baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya, umeniletea nini leo?"

Nikauweka kwenye spika ndogo, juu ya meza iliyojaa spoku na minyororo. Akaniambia niigonge besi kwa vidole pale mezani, yeye akaanza kuimba gitaa la rithimu kwa mdomo, chini chini. Tulikwenda vizuri mpaka sauti ilipoingia. Akanishika mkono.

"Unamfuata mwimbaji. Mwache aende, ana watu wake. Wewe kaa na besi."

Tukaanza upya. Akanishika tena. Tukaanza upya. Ukikaa na besi ya Tom Malanga, wimbo unageuka mwingine. Besi inatamka kidogo, inanyamaza, inatamka tena, na kwenye nafasi hiyo iliyoachwa ndipo rithimu ya Omar Shabani inapopata pa kukaa. Hakuna safu ya matarumbeta ya kujaza pengo. Saksafoni, ambayo wazee wa dansi wanaiita mdomo wa bata, inakuja kwa zamu yake na kuondoka. Mwimbaji analalamika kwamba hana makosa, na chini yake watu wale hawana haraka hata kidogo, wanamtandikia tu. Sasa hilo unaweza kumweleza mtu aliye kwenye daladala, na akifika nyumbani akauweka wimbo ataliona mwenyewe.

Tangu hapo nina desturi ya kugawa ala. Albamu inaposhuka mezani kwangu, kuna siku ya besi, siku ya ngoma, siku ya maneno, siku ya kusikiliza waitikiaji peke yao. Siandiki chochote siku ya kwanza. Naacha daftari limefungwa mpaka nianze kuusubiri mlio fulani kabla haujafika.

Nikiwaza sana habari ya albamu, narudi kwenye jambo ambalo wasikilizaji wangu vijana hawalisikii mara nyingi: kwetu albamu ni mgeni. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya His Master's Voice, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi. Taarabu iliyozoea kukaa usiku kucha, watu wakitunza na mwimbaji akirudia beti kwa ombi la mwenye shughuli, ililazimika kuingia kwenye dakika hizo. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, Likasi ya leo, Kongo, "Masanga" nao ukaingia kwenye kipimo hicho hicho, gitaa moja likifanya kazi ya watu wawili.

Zikaja santuri ndogo za mizunguko 45. Hapa ndipo dansi lilipopata umbo ambalo wengi wetu tunalikumbuka bila kujua lilikotoka. Wimbo ulikatwa katikati: upande wa kwanza maneno, hadithi, malalamiko, unaigeuza santuri, upande wa pili unakuta chemko, magitaa yamekaza, mwimbaji amebaki na vijineno vya kuchochea. Bendi nyingi zilikuwa zikipiga hivyo ukumbini tangu zamani, lakini santuri iliupa ule mpasuko mahali pake pa kudumu. Na santuri zenyewe zilitoka Nairobi kwenye viwanda. Sisi Tanzania tulikuwa na studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambako bendi iliingia, ikapiga kwa pamoja, na kanda ikabaki kabatini kwa ajili ya kurushwa hewani. NUTA Jazz, Mlimani Park, Vijana Jazz, Dar International ya Marijani Rajab: hazina kubwa ya kazi zao iko kwenye kanda zile, ambazo leo ziko mikononi mwa shirika la utangazaji la taifa, TBC, wimbo mmoja mmoja. Hata Mbaraka, wengi wetu tumemjua kupitia mfululizo wa "Ukumbusho" uliotolewa Nairobi baada ya kifo chake. Yeye hakuupanga. Hakuchagua wimbo gani utangulie na upi ufunge.

Ndiyo maana nikisikia watu wanalia kwamba albamu inakufa Bongo kwa sababu kila msanii anaachia wimbo mmoja mmoja mtandaoni, silii nao. Tumeishi na wimbo mmoja mmoja kwa muda mrefu, tukautunza, tukaupenda. Ninachokitetea ni kitu kingine: pale msanii wetu anapopata nafasi ya kupanga nyimbo zake mwenyewe, basi apate na mtu wa kuzisikiliza kwa mpangilio huo.

Kwa miezi ya karibuni nimekuwa nikisikiliza "Maisha" ya The Zawose Queens, iliyotoka mwaka 2024. Pendo na Leah Zawose wanatoka kwenye ukoo wa Hukwe Zawose, Mgogo aliyefanya ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, na zeze la nyuzi visikike dunia nzima, aliyefundisha Bagamoyo na kufariki Desemba 2003. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo huo walikuwa nyuma, wakiitikia na kucheza. Katika albamu hii wako mbele. Unasikia jambo hilo kabla hujasoma popote: sauti mbili zinaanza pamoja, moja inapanda, nyingine inabaki chini ikiishikilia, zinapishana kwa umbali mdogo sana ambao kinanda hakina kidude chake, kisha zinakutana. Ngoma ziko karibu na sikio. Kuna sehemu vyombo vya umeme vinaingia chini kabisa, na nilipozisikiliza mara ya kwanza nilikuwa na wasiwasi navyo. Sasa navikubali, kwa kuwa haviombi kusikilizwa. Vinaongeza uzito wa ardhi tu.

Sijui Kigogo. Jirani yangu ni mama wa Kongwa anayeuza karanga na ubuyu pale kituoni, kwa hiyo nilimwomba aje tusikilize wote jioni moja baada ya kufunga biashara. Nilitarajia anifasirie maneno. Hakufasiri. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akaingia, akachukua beseni langu la plastiki, akaketi kwenye kigoda, akaliweka katikati ya mapaja na kuanza kulipiga kwa viganja. Ndivyo wanawake wa Kigogo wanavyoishika ngoma ya muheme. Alikuwa hapigi kile kilichokuwa kwenye spika. Alikuwa akikijibu. Nikawasha kinasa sauti kwa kumwonyesha ishara, akanikubalia kwa kichwa bila kuacha.

"Mama, hapa wanasema nini?" nilimuuliza wimbo ulipokwisha.

"Subiri kwanza, dada, huu unaofuata usiupite."

Kipindi kile kilipotoka, sehemu iliyopendwa kupita zote ilikuwa beseni. Maneno alinieleza baadaye, kwa utulivu, na mengine alikiri kwamba yamekaa kwa namna ya upande mwingine wa Ugogo asiouzoea. Lakini mimi nilikuwa nimeshapata nilichokihitaji: nilijua ngoma ile inaacha nafasi ya nani. Ningeweza kusoma habari za zeze na ilimba kwa mwezi mzima nisilipate hilo. Siku hizi kila albamu ninayoigusa naipeleka kwanza kwa mtu ambaye muziki huo ni wa kwao. Simpelekei maswali. Nampelekea spika.

"Maisha" imetolewa na Real World, kampuni ya Uingereza, na kampuni hiyo ndiyo iliyotoa "Songs for the Poor Man" ya Remmy Ongala mwaka 1989. Nilizisikiliza albamu hizi mbili kwa kufuatana, na nikaona nikae na Remmy kwa muda.

Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Watanzania wa umri wangu wanamjua kwa redio: sauti nzito, anaimba na kuhubiri kwa pamoja, anataja maskini, mauti, yatima. Kwenye rekodi za RTD bendi inakuja kwa wimbi moja, magitaa yameshikana na sauti imeketi juu yake. Kwenye albamu hii, iliyorekodiwa kwenye studio ya kijijini huko Uingereza, kila gitaa limepewa kiti chake. Unaweza kumfuata mmoja mmoja. Wapo wanaosema usafi huo umepunguza joto, na kwenye baadhi ya nyimbo nakubaliana nao. Nikisikiliza rekodi za redio nasikia ukumbi, jasho, watu. Lakini "Kipenda Roho" kwenye albamu hii umenishinda kuulaumu. Magitaa yanaanza kusuka, Remmy hana haraka ya kuingia, na akiingia anaimba kwa upole ambao hauendani na lile jina lake kubwa la jukwaani. Na "Muziki Asili Yake Wapi" ni swali ambalo mtu aliyetoka Kindu, akaishi Dar, akirekodi Uingereza, alikuwa na haki kamili ya kuliuliza.

Hapa Dar kuna kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy. Kijana mmoja, konda, aliniandikia baada ya kipindi hicho. Alisema amekuwa akipaza sauti "kwa Remmy, kwa Remmy" tangu aanze kazi, akidhani ni mwenye baa. Aliomba nimtajie nyimbo za kuanza nazo. Nikamwambia asianze na nyimbo, aanze na albamu, aiache iende yote wakati gari limepaki kusubiri abiria. Wiki iliyofuata akanitumia sauti ya dakika nyingi, na humo ndani anaeleza kwa uchungu wa kweli kuhusu "Sauti ya Mnyonge", anataja trafiki, hesabu ya tajiri, mafuta. Nilimwomba ruhusa nikaiweka yote kipindini bila kuikata. Hakuna uchambuzi wangu unaoifikia.

Albamu nyingine niliyoirudia ni "Siti of Unguja" ya Siti Muharam, ya mwaka 2020. Yeye ni kitukuu wa Siti binti Saad, na nyimbo ni za bibi huyo. Nilifanya zoezi la kuweka rekodi za kale na hizi mpya kwa kupokezana. Kwenye santuri za zamani, Siti binti Saad anaimba juu, kwa nguvu, kama aliyejua kwamba mashine itakula nusu ya sauti yake. Muharam anaimba chini, karibu na midomo. Hana haja ya kupigana na mashine. Udi na fidla vinasubiri, ala za kigeni zinapita pembeni, na "Machozi ya Huba" unapata muda ambao Bombay haikuutoa. Wapo wapenzi wa taarabu ya asili waliokerwa na albamu hii, wakaniambia imepooza. Mimi nadhani wanaisikiliza mchana. Ni albamu ya usiku.

Singeli nilisita kuigusa, kwa sababu Mburahati ni pua na mdomo na kwangu, na mtu akikosea habari za singeli hapa anaambiwa dirishani. "Singeli Ya Maajabu" ya Sisso na Maiko ilitoka mwaka 2024 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Muziki huu unakwenda mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Ukiusikiliza kwenye simu yenye spika ndogo utasikia kelele tu, na walioutukana wengi wameusikia hivyo. Nilikwenda kuusikiliza kwenye spika kubwa, nje, mchana kweupe. Kilichonishika ni mkono wa Maiko kwenye kinanda: juu ya kasi ile yote kuna mtu anayepiga, anayecheza na vidole, anayejibu. Nikaukumbuka mnanda, yaani mchiriku wa miaka ya 1990, vile vinanda vidogo vya Casio vilivyofungwa kwenye vipaza sauti vikavuma mtaa mzima. Kinanda cha singeli ni mjukuu halali wa kile. Nilichokikosa ni mtu wa maneno. Singeli ya mtaani ina mtu ameshika maiki, anawataja watu kwa majina, anawapa vijembe, anawasifu mama zao. Kwenye albamu hii ala ndizo zilizotangulizwa, na nadhani aliyeijua singeli kupitia albamu kama hizi peke yake anajua nusu. Nusu nzuri, lakini nusu.

Za Bongo Fleva nasikiliza pia, na si kwa kujilazimisha. "Only One King" ya Ali Kiba, ya mwaka 2021, ina nyimbo 16 na wageni kutoka nchi kadhaa, na ukiifuata kwa mpangilio unaona albamu inayotaka kufika kila soko kwa wakati mmoja. Ningekuwa mimi, ningeijenga kuuzunguka wimbo "Utu", ambako sauti yake imesimama bila kusaidiwa. Nililisema hilo kipindini na mashabiki walinishukia, wengine kwa hoja nzuri sana.

Kuhusu kazi yenyewe, sehemu kubwa yake haina uhusiano na muziki. Chumba changu kina godoro limeegemezwa ukutani na mablanketi mawili dirishani kwa ajili ya mwangwi. Narekodi baada ya adhana ya Isha, bodaboda zikipungua, au alfajiri kabla ya kuku wa mwenye nyumba. Umeme ukikatika naendelea kwa betri. Nahariri kwa programu ya bure kwenye kompyuta ya mtumba. Kikubwa kinachoniumiza kichwa ni bando. Kipindi cha dakika 40 nikikiweka mono, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kinakula MB 19 hivi, na mtu wa bando la siku anakimudu. Nikikiweka stereo kwa ubora wa juu, namfungia mlango. Lakini nikiweka mono, magitaa ya Super Matimila yaliyotengwa kushoto na kulia yanarundikana katikati, na hoja yangu yote juu ya viti vyao inapotea. Kwa hiyo natoa matoleo mawili: jepesi la kutumiana kwa WhatsApp, na zito kwa mwenye nafasi. Ni kazi mara mbili na naifanya kwa moyo, maana mama wa karanga anatumia lile jepesi.

Niliwahi kufuatwa na watu wa matangazo wakitaka vipindi vya dakika kumi, vyenye habari za wasanii na muziki kidogo kwa nyuma. Fedha ilikuwa nzuri. Nilikataa, na sijaacha kuandika nakala za matangazo ya watu wengine mchana ili kodi ilipwe. Najua wenzangu waliokubali na siwalaumu. Wana watoto shule. Mimi nilichokiona ni kwamba kipindi cha dakika kumi hakina mahali pa beseni la mama wa Kongwa. Lingekuwa la kwanza kukatwa.

Kuna vipindi pia masikio yanakataa. Kila wimbo unasikika umeshausikia, kila sentensi unayoandika umeshaiandika. Hapo nafunga kila kitu na kwenda kwenye shughuli yoyote yenye ngoma: harusi, maulidi, kumtoa mwali. Siendi na kinasa sauti. Naenda kutunza na kuitikia. Kusimama katikati ya watu wanaoitikia, ukaitikia nao mpaka koo likauke, kunarudisha kitu ambacho hedifoni zinakichukua taratibu.

Kwa sasa niko kwenye taarabu ya kwetu Tanga. Black Star na Lucky Star, vile vikundi vilivyoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu na kuipunguzia orchestra, na Shakila, binti wa Pangani, aliyeimba "Macho Yanacheka" kwa sauti ambayo haijapata mrithi tangu alipotuacha Agosti 2016. Santuri zao zilitoka kwa vipande, na mikusanyo iliyopo imepangwa na watu wa mbali. Nataka nifanye kitu ambacho sijawahi kufanya: kukaa na wanawake wa Ngamiani waliokuwa wasichana wakati huo, nao waipange albamu ambayo vikundi hivyo havikupata kuipanga. Wimbo upi uanze, upi ufuate, upi ufunge shughuli. Mzee wangu wa besi ameshakubali kukaa pembeni akisikiliza, kwa sharti kwamba na yeye apewe wimbo mmoja wa kuchagua. Wanawake bado wanalijadili sharti hilo. Kama nyumbani kwenu kuna santuri ya Black Star au Lucky Star, hata iliyokwaruzika, hata isiyo na jalada, naomba uniandikie kabla hujaitupa.